Sauti Chini ya Kitambaa

Haya ya leo nimeyapata kwa Mwihaki, Mama Waceke, mke wa Haron, Jumanne iliyopita, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za nyumba yake hapa Riruta tukichambua njahi, yale maharagwe meusi. Hakunificha kitu. Hata yale ya aibu aliyasema, macho yakiwa kwenye ungo, nami nayaleta kwenu kama alivyoyasema.

Mara ya mwisho tulimwacha Haron amesimama mbele ya mashine ya video, jasho linamtiririka, na langoni mtu anapiga hodi.

Kwa aliyekosa gazeti, nimweleze mbio mbio. Haron anaazimisha kaseti za video, na tangu CD zijae mjini duka lake limebaki la nzi. Lakini kila Jumamosi mchana sebule yake hujaa kelele. Yeye na marafiki wawili, Ogutu fundi wa redio na Ndegwa wa machinjioni kule Dagoretti, wanapenda sinema za vita za zamani kuliko chakula. Mmoja huweka kaseti, TV hufunikwa kitambaa, wanasikia bunduki na maneno mawili matatu tu, kisha kila mtu anataja ni sinema gani. Wanajiita Kikosi. Haron ni Meja, Ogutu ni Sajenti. Ndegwa ni Koplo, na hajawahi kupandishwa cheo.

Kikosi kina sheria yake. Kaseti yoyote ikiingia nyumba ile hubanduliwa karatasi ya jina, mtu asije akachungulia. Rafu nzima ni kaseti nyeusi tupu, zinafanana kama mbegu za papai.

Sasa kuna mjane mmoja, Peres, anayefuma vitambaa vya viti na kuviuza mlango kwa mlango. Alimletea Haron kaseti ya sinema iitwayo Bonde la Baruti aisafishe ukungu. Humo ndani yumo marehemu mumewe, Zedekiah, amevaa nguo za askari, kwani wazungu waliokuja kupiga sinema hiyo zamani waliajiri vijana wa huku. Binti yao Awiti alizaliwa baba akiwa tayari kaburini. Picha ya kitambulisho anayo. Baba anayetembea hajawahi kumwona. Na kesho yake, Jumapili, Awiti alikuwa anapanda ndege kwenda Uingereza, kazi ya uuguzi.

Haron akaijaribu kaseti kabla wageni hawajafika. Badala ya vita, akasikia sauti yake mwenyewe:

"Kikosi, fumbo la kwanza!"

Mwisho wa mafumbo kikatokea kipande cha majina ya Bonde la Baruti. Alikuwa amerekodi mafumbo ya Jumamosi juu ya baba ya mtu.

"Haiwezekani," alinong'ona. Kaseti ya sinema huja na shimo mgongoni ili isirekodiwe. Ukiisukuma kwenye mashine na kubonyeza kurekodi, mashine huitema. Hii mbona haikutemwa?

Hakupata nafasi ya kufikiria. Lango lililia. Akaichomoa kaseti, akaisukuma chini ya mto wa kiti, akaikalia.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, Mama Awiti! Karibuni ndani!" Mwihaki akaita kutoka jikoni.

Peres akaingia na kikapu chake cha uzi. Nyuma yake Awiti, mrefu, kiatu safi, nywele zimesukwa upya mpaka ngozi ya kichwa inang'aa. Ogutu na Ndegwa, waliofika nyuma yao, wakampa mkono.

"Umependeza," Mwihaki akamwambia.

"Nimesuka jana." Awiti akacheka kwa haya. "Najua ni upuzi, Mama Waceke. Ni kama yeye ndiye ataniona."

Haron akatazama miguu yake mwenyewe.

"Haya Meja, usituweke," Ogutu akasema. "Weka sinema. Leo bila kitambaa."

"Mashine imekataa," Haron akasema.

"Imekataaje?"

"Kichwa chake kimechafuka. Haisomi kitu."

"Na jana ilikuwa inasoma kaseti zimejaa mchanga?" Ogutu alikuwa tayari ana bisibisi mkononi. Fundi yule hulala nayo, mkewe hulalamika. "Sogea. Wewe umeoa mashine, mimi ndiye daktari."

Kufumba na kufumbua kifuniko kiko chini. Ogutu akapuliza, akapangusa, akachukua kaseti ya kwanza iliyomjia mkononi, akaitumbukiza. Kitambaa bado kilikuwa juu ya TV. Chini yake vifaru vikanguruma, mtu akalia, tarumbeta ikapigwa.

"Kapteni Bila Kofia!" Ndegwa akapayuka. Hawezi kujizuia.

"Koplo, hiyo ni Vifaru vya Alfajiri. Hata mtoto wa nasari anajua hiyo tarumbeta. Wewe utakufa koplo!"

Awiti akacheka mpaka akashika mbavu. Ogutu akageuka, meno yote nje.

"Mashine ni nzima kuliko mimi. Leta Bonde la Baruti."

Haron hakubanduka kwenye kiti.

"Meja?"

"Kaseti haipo," Haron akasema.

"Haipo, imeenda wapi?"

Hapa Mwihaki alinyamaza kidogo aliponisimulia. Akatoa jiwe kwenye njahi, akalitupa mbali. Akasema yeye hajui mume wake alikuwa anawaza nini, na mume mwenyewe pia hajui mpaka leo. Mdomo tu ulimtangulia.

"Ndegwa alichukua kaseti moja hapa Jumapili," Haron akasema.

Watu wote wakamgeukia Ndegwa.

Ndegwa ni mtu wa kubeba nusu ng'ombe begani akiimba nyimbo za kanisani. Lakini rangi ilimtoka kama maziwa yamemwagiwa maji.

"Ile ya mpira?" akauliza polepole. "Mimi... Nilichukua moja, ndiyo. Nikarekodi mpira. Haikuwa na jina. Nikadhani ni tupu." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ngai. Ngai wangu! Ilikuwa hiyo?"

Haron hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Ndegwa akapiga magoti. Sakafu ikatetemeka.

"Mama Awiti. Msichana wangu. Nimemuua mzee mara ya pili."

"Inuka, baba," Awiti akamwambia. Mkono wake ulikuwa begani kwa Ndegwa, unampapasa, kama vile ameshaanza kazi ya uuguzi. "Ungejuaje? Zote ni nyeusi."

"Nitakununulia..."

"Hii hainunuliwi. Lakini inuka."

Na Peres? Hakulia. Sindano yake ya kroshia ilisimama kidogo, ikaendelea. "Ni mapenzi ya Mungu," akasema. "Awiti, tushukuru, twende tukafunge mizigo."

Upesi hivyo. Mwihaki alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, na jambo hilo likamkaa moyoni. Ila wakati huo alikuwa na jingine la kushughulikia.

"Baba Waceke! Njoo uniteremshie sufuria."

Haron akaenda. Mwihaki akafunga mlango wa jikoni kwa kisigino.

"Kaseti iko wapi?"

"Si umesikia, Ndegwa..."

"Umeikalia."

Haron akatazama mlango uliofungwa.

"Nilikuwa hapa nakata vitunguu," Mwihaki akasema. "Nikakusikia kwenye TV. Fumbo la kwanza. Huyo ni nani, ni Ndegwa?"

"Mwihaki, yule mtoto anaondoka kesho. Nikisema, huko aendako kila akimkumbuka babake atanikumbuka mimi kwanza. Mimi niliyemfuta."

"Na sasa atamkumbuka nani?"

"Ndegwa hajali sana. Ndegwa ni..."

"Ndegwa amepiga magoti kwa nyumba yangu." Mwihaki akawasha jiko, akaweka sufuria ya maziwa. "Hii chai ikipanda, naenda huko na kusema mwenyewe. Chagua."

Walisimama pale wote wawili, wakitazama maziwa. Kwanza yalikuwa meupe, yametulia. Kisha pembeni yakaanza kutetemeka. Povu likaja. Likapanda, likapanda.

Haron akatoka mbio.

Akainua mto wa kiti, akaichomoa ile kaseti, akaiweka mezani mbele ya Awiti.

"Ni mimi," akasema. "Ndegwa hana makosa. Hiyo yake ya mpira ni nyingine. Hii hapa ndiyo ya baba yako, na nimeifuta mimi, nikirekodi mafumbo yangu ya kijinga. Nilijua kabla hamjaingia."

Awiti aliitazama kaseti. Akaigusa kwa kidole kimoja, kama chuma cha moto.

Ndegwa akainuka. Akapangusa goti la kwanza. Akapangusa la pili. Hakuwa na haraka.

"Ulikuwa umeikalia nikiwa pale chini?"

"Ndegwa..."

"Nauliza tu. Ulikuwa umeikalia?"

"Ndiyo."

"Kila Krismasi nakuletea matumbo. Mke wako alipolazwa, ni mimi nilimbeba mpaka barabarani." Akachukua kofia yake. "Usiniite Koplo tena. Wala Ndegwa usiniite."

Lango likabamizwa hivi kwamba kuku wa jirani walipiga kelele.

Haron akabaki amesimama katikati ya sebule yake kama mgeni asiyeambiwa aketi. Mwihaki akaleta chai. Hakuna aliyekunywa.

Ghafla Ogutu akajipiga paji la uso.

"Redio!"

"Redio gani tena?" Haron akauliza.

"Meja, umesahau! Wiki mbili zilizopita ulituwekea fumbo la hiyo hiyo Bonde la Baruti. Tena ulilirekodi kwa redio, kwa sababu Ndegwa alikuwa anachungulia kwenye matundu ya kitambaa. Kaseti ndogo. Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye bakuli la funguo. Haron akaitoa, Ogutu akamnyang'anya.

"Sikiliza, msichana," Ogutu akamwambia Awiti kwa upole ambao hakuna aliyejua anao. "Picha hakuna. Lakini siku ile mimi ndiye niliyepata jibu kabla mwingine hajavuta pumzi. Nikacheka mpaka nikaanguka kwenye kiti. Hawa Wakikuyu wakaniuliza ninacheka nini, nikakataa kusema. Sasa utajua."

Akabonyeza.

Kwanza kelele za bunduki. Kisha maji, maji mengi yanayokwenda kasi. Watu wengi wanapiga mayowe. Halafu, juu ya mayowe yote, sauti ya kijana mmoja, wazi kabisa, kwa Kijaluo.

Peres akafumba macho.

"Anasemaje?" Mwihaki akanong'ona.

"Anasema," Ogutu akajibu, "Peres! Weka chai jikoni, nakuja!"

Mwihaki akacheka bila kutaka, mkono mdomoni.

"Wazungu waliwaambia pigeni kelele kwa lugha yoyote, bora iwe ya vita," Ogutu akasema. "Walidhani anaita mizimu ya ukoo. Kumbe anaagiza chai!"

Awiti hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye redio.

"Mama. Ni yeye?"

Peres akatikisa kichwa kukubali.

"Rudisha," Awiti akasema.

Ogutu akarudisha. Awiti akapiga magoti, sikio kwenye spika. Bunduki. Maji. "Peres! Weka chai jikoni, nakuja!" Kisha kishindo cha kitu kuangukia maji, na baada yake kicheko kikubwa cha mwanamume, karibu sana.

"Ana sauti ya mtu anayetabasamu," Awiti akasema. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye spika. "Rudisha tena. Na huyu anayecheka mwisho ni nani? Ni askari mwenzake?"

"Hapana," Haron akasema. "Huyo ni mimi. Nilikuwa karibu na redio."

"Ulimpenda," Awiti akamwambia.

Ogutu akasimama, akavaa koti. "Ngojeni. Kuna kitu nimekumbuka. Nimkimbilie Ndegwa kabla hajafika mbali. Mama Awiti, msiende popote leo." Na kabla hajaulizwa ameshatoka.

Peres naye akainuka, akasema anaenda kunawa uso kwa bomba la nje.

Haron akabaki na ile kaseti iliyoharibika. Akaichukua amrudishie mwenyewe, angalau abaki nayo. Kidole chake kikapita mgongoni, mahali pa lile shimo.

Hapakuwa na shimo.

Pamebandikwa selotepu, imekatwa vizuri. Akaibandua kwa ukucha. Chini yake, kimesokotwa na kushindiliwa kama gunzi, kifundo cha uzi. Uzi wa rangi ya machungwa.

Akageuza macho. Kwenye kikapu cha Peres, kitambaa kilichofumwa nusu. Rangi ya machungwa.

"Mwihaki," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Awiti alikuja hapa lini mara ya mwisho?"

"Jumatano. Ulikuwa dukani. Nilimwacha hapo kwenye kiti akifuma, nikaenda kununua maziwa. Kwa nini?"

Haron alikuwa tayari mlangoni.

Peres alikuwa kwenye bomba, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Bomba lilikuwa linatiririka na hakuwa ananawa. Haron akafungua kiganja. Kifundo cha uzi kilikuwa katikati.

"Ni wewe uliyeziba," akasema.

Mama yule hakutafuta maneno. "Ni mimi."

"Ulijua nikikuta kaseti haina jina, shimo limezibwa, nitaona ni tupu."

"Nilijua."

"Mama Awiti, nimemsingizia rafiki yangu! Nimejiona mchawi! Kwa nini? Ni mume wako!"

Peres akafunga bomba.

"Ile sinema umeitazama, Baba Waceke?"

"Mara nyingi."

"Pale darajani. Anapopiga kelele halafu anaanguka mtoni."

"Hapo ndipo patamu," Haron akasema. "Siku ile tulirudisha, tukarudisha..."

"Hakuibuka."

Shati moja kwenye kamba likapigwa na upepo, likatulia.

"Mto ulikuwa umejaa," Peres akasema. "Wakamwambia aanguke. Alikuwa hajui kuogelea, akaona haya kusema mbele ya wenzake. Tena alijua nitaiona hiyo sinema siku moja, ndiyo maana akataja chai. Akaanguka. Wazungu wakapiga makofi, wakasema huyu anajua kuigiza. Walipogundua, picha ilikuwa imeshatoka nzuri. Wakaiacha ndani. Mimi wakaniletea kaseti, na blanketi mbili."

Haron akashika mti wa kamba. Wasomaji wangu, alikuwa anakisikia kicheko chake. Siku ile walivyokuwa wakipiga mapaja, yeye na Ogutu na Ndegwa, wakimrudisha mtu darajani na kumwangusha tena, wakimrudisha na kumwangusha, maji ya macho yakiwatoka kwa kucheka.

"Na Awiti?" akauliza.

"Awiti anajua ni homa. Alikuwa tumboni miezi minne. Tangu aanze shule ananiambia, mama nionyeshe baba. Nikamwambia hatuna mashine. Akaanza kazi, akanunua mashine. Nikamwambia kaseti ina ukungu. Akasema ipelekwe kwa Haron." Peres alikuwa anajifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Nilijaribu kuifuta mwenyewe. Mkono ulikataa. Ni yeye yule. Nikatafuta mkono mwingine. Nikapata wako."

"Na ukanyamaza nikilaumiwa. Hata Ndegwa alipopiga magoti ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Sina la kujitetea. Nilifuma tu."

Haron alitaka kukasirika. Lakini mtu aliyekuwa ameikalia kaseti saa hiyo hiyo hana pa kuanzia.

"Unataka nini sasa?"

"Abaki akijua ni bahati mbaya yako. Mpaka ndege iondoke. Amemsikia babake anaagiza chai, inatosha. Aende nayo hiyo."

"Nitabeba," Haron akasema.

Akakifunga kiganja, akatia kile kifundo cha uzi mfukoni.

Mwihaki alikataa kabisa wageni waondoke. Mvua ilikuwa imeanza, mizigo ya Awiti ikaletwa pale pale, na jirani mwenye gari akakubali kuwapeleka uwanja wa ndege asubuhi saa mbili. Wakala ugali na mboga. Awiti akamwomba Haron hiyo kaseti ndogo aende nayo, akamshukuru mara mbili, mtu aliyemfutia baba. Kila alipomshukuru Haron aliinama kwenye sahani kama anatafuta mfupa.

Wageni wakajinyoosha mapema, kwa sababu ya safari. Peres alipewa kitanda cha Waceke, mtoto wa nyumba hiyo, ambaye yuko shule ya bweni. Akalala bila hata kumaliza kuvua leso, kama mtu aliyeteremsha gunia la njia ndefu. Awiti akabaki kwenye kochi sebuleni, redio kifuani, amepunguza sauti, anarudisha na kurudisha.

Haron alikuwa anavua viatu simu ilipolia.

"Meja."

Alikuwa Ndegwa. Nyuma yake honi na makanga wa matatu wakiita abiria mjini.

"Ndegwa! Ndugu yangu, nilikuwa nataka nije kwako kesho, nikuombe..."

"Wacha. Ogutu amenieleza. Amesema msichana alisikiza redio akilia. Nikasema mimi siwezi kwenda kulala nimenuna kama mtoto." Ndegwa alikuwa anahema. "Tumezunguka Luthuli Avenue yote. Tumeingia mpaka vile vibanda vya juu River Road. Wanafunga, tunawasukuma mlango. Meja, tumepata!"

"Mmepata nini?"

"Bonde la Baruti! CD! Safi kama jana, hata pale mtoni tumepatazama dukani, unamwona jamaa vizuri kuliko ile yenu ya ukungu. Uso wote!"

Haron akaketi kitandani.

"Ndegwa, sikiliza. Usiilete."

"Ati nini? Sikusikii, kuna gari hapa."

"Nasema usiilete!"

"Ndiyo, naileta! Saa moja asubuhi, na mashine ya CD ya dada yangu. Usimwambie msichana. Nataka nione uso wake akimwona babake. Baada ya hapo unipandishe cheo, ama nikuchinje!" Akacheka, kicheko cha mtu aliyesamehe. "Chaji inaisha. Saa moja, Me..."

Simu ikakatika.

Haron akapiga. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani. Akapiga ya Ogutu. Mteja hapatikani.

"Ni nani?" Mwihaki akauliza gizani.

Akamweleza yote. Daraja, mto, uzi, blanketi mbili. Mwihaki akaketi kitandani.

"Mwamshe Mama Awiti umwambie," akasema mwisho.

Haron akaenda. Akafika mlango wa Waceke, akausukuma. Peres alikuwa amelala mdomo wazi, mikono imefunguka juu ya blanketi, vidole vile ambavyo havijawahi kutulia vimetulia. Akasimama pale. Akarudi.

"Umemwambia?"

"Analala kama mtoto."

"Basi utamzuia Ndegwa langoni."

"Nimwambie nini? Rudi na CD yako? Mtu niliyempigisha magoti leo, kesho ananiletea zawadi, nimfungie lango?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli si wangu. Niliahidi."

Wakalala chali wote wawili. Kupitia ukutani sauti ya redio ilikuwa inakuja, ndogo kama mbu. Bunduki. Maji. Kijana anaagiza chai. Kishindo. Halafu kicheko cha Haron.

Haron akavuta mto akajifunika masikio.

Awiti akarudisha. Maji. Chai. Kishindo. Kicheko. Safari hii hakurudisha. Mwihaki akamsikia akigeuka kwenye kochi, springi zikalia, kisha pumzi zake zikawa ndefu. Msichana alikuwa amepitiwa na usingizi, na redio ikaachwa ijiendee.

Baadaye mto ulimteleza Haron usoni. Naye alikuwa amelala, kiganja kimefungwa ndani ya mfuko wa suruali ambayo hakuivua.

Akabaki Mwihaki peke yake. Alisema alihesabu mabati kwa milio ya mvua, akamwomba Mungu ainyeshe mpaka barabara ya Dagoretti isipitike, halafu akakumbuka kwamba Ndegwa huja kwa miguu. Mvua ikakatika. Nyumba yote ikawa kimya, ila kaseti ndogo sebuleni inazunguka bila mtu wa kuisikiza, ikafika mwisho, kitufe kikaruka: tak.

Mwihaki akageukia ukutani, akalala.